Salesio Muthamia na Ushanga wa Mia Mbili

Baba Padri na waumini wenzetu, wakwe zetu mlioondoka nchi kavu ya Mbeere kabla jua halijatoka, majirani wa Kanja, jamaa wa Muthara, walimu na wanafunzi wa marehemu, kwa niaba ya familia ya Mzee Riungu nawaomba mnisikilize nikisoma maisha ya kaka yangu, Dakta Salesio Muthamia Riungu, kama familia ilivyoyakumbuka na kuyathibitisha, mimi nikiwa Kaari, dada anayemfuata kwa kuzaliwa.

Salesio alizaliwa Jumapili tarehe 12 Aprili 1964, nyumbani kwetu Muthara, Tigania Mashariki, miezi minne baada ya Uhuru, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Riungu, aliyekuwa mkulima wa miraa na mfugaji wa mbuzi, na Mama Makandi, ambaye wengi walimjua kwa kutunga shanga, na wote wawili wametutangulia. Alibatizwa mwaka huo huo. Utotoni alichunga mbuzi kama watoto wengine wa kijiji, na anakumbukwa zaidi kwa tabia ya kuuliza swali lile lile mpaka mtu amjibu ama amfukuze.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 hapo hapo Muthara, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977, akasoma sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, kisha kidato cha tano na cha sita, na mwaka 1984 akaingia chuo kikuu jijini Nairobi kusomea elimu ya wanyama, akahitimu mwaka 1988. Aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mifugo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka machinjio ya Meru, Tharaka na Mbeere akikusanya minyoo kutoka matumbo ya mbuzi. Mwaka 1990 alipata ufadhili wa kwenda Uskoti, akakaa huko miaka minne, akarudi Juni 1994 na shahada ya udaktari, si wa kutibu watu bali wa kuchunguza viumbe, jambo ambalo baba yetu alilazimika kuwaeleza majirani wengi waliokuja kuonyesha magoti yao.

Kwa kuwa wengi hapa mlimpenda bila kujua hasa alichokuwa akisoma, familia iliona ni haki kukieleza, nami nitakieleza kama alivyotueleza nyumbani. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na ndani ya kila seli kuna nyuzi na mihimili inayoishikilia isianguke, inayobeba mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na inayoivuta pande mbili wakati inapogawanyika kuwa seli mbili. Wataalamu wanaiita kiunzi cha seli. Kiunzi hicho kimeundwa kwa protini, na kila protini ni kama uzi mrefu wa shanga, shanga zenyewe zikiwa za aina ishirini tu, ila zimepangwa kwa mfuatano ambao hauvurugwi ovyo. Kazi ya kaka yangu ilikuwa kulinganisha mifuatano hiyo, ya kiumbe huyu na ya kiumbe yule, aone ni wapi imebadilika tangu dunia ilipokuwa changa na ni wapi imekataa kubadilika.

Mwezi wa Agosti 1994 alimletea mama shanga za rangi ishirini, nyingi akiwa amezinunua Meru mjini kwa wanawake wanaouza vitu vidogo pembeni mwa soko la Gakoromone, akaketi karibu naye uani, akawa anamsomea rangi moja moja naye mama anatunga. Protini aliyoichagua inaitwa aktini, ile inayofanya misuli ikaze. Walimaliza uzi wa kwanza, wakaanza wa pili, wakafika wa tatu, na hapo mama akaweka sindano chini.

"Salesio, wewe unanichezea," alisema. "Umenipa kazi moja mara tatu."

"Hapana, mama. Wa kwanza ni wa kuku, wa pili ni wa mbuzi, huu wa tatu ni wako mwenyewe."

Mama alizilaza nyuzi zote tatu mkekani, akazipapasa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, asipate ushanga hata mmoja uliotofautiana. Baba, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni, aliuliza kama sasa itabidi kumwomba kuku radhi kabla ya kumchinja, akajibiwa kwamba kuku angependelea asichinjwe kabisa. Kisha Salesio akaomba uzi wa nne, wa hamira, ile tunayotia kwenye mandazi, ambayo nayo ni kiumbe hai cha seli moja. Tuliokuwepo hatutasahau tulichokiona: mikono ya mama ilianza kutangulia sauti ya Salesio, akawa anachukua rangi kabla haijatajwa, na mara nyingi alikuwa amepatia.

Salesio alituambia kwamba hamira na binadamu waliachana njia zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kabla hakujakuwa na mti, samaki wala ndege, na kwamba shanga hizo hazikubaki zilivyo kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzibadilisha, kwa maana mabadiliko hutokea kila kizazi, bali kwa sababu karibu kila aliyezaliwa na ushanga tofauti mahali pale hakuishi akaacha watoto. Mama akauliza kama anaweza kubaki na uzi wa kuku.

Tarehe 17 Desemba 1994 Salesio alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Wawira, binti wa Mzee Mbogo, mfugaji wa upande wa Ishiara katika nchi kavu ya Mbeere. Walikuwa wamefahamiana tangu mwaka 1989, siku alipopita karibu na shule aliyofundisha Wawira akiwa amebeba chupa ya minyoo kutoka machinjioni, Wawira akamwambia mbele ya walimu wenzake, "Kama hiyo ni asali, rudisha kwa nyuki." Waliandikiana muda wote alipokuwa ng'ambo.

Hapa nafika mahali ambapo baadhi ya jamaa waliona tupapite, lakini mjane wake ameomba pasomwe, na Mzee Mbogo mwenyewe, aliyeketi hapa mbele yetu, ameridhia.

Mahari ilikuwa bado haijakamilika wakati wa harusi, na tarehe 19 Agosti 1995 baba yetu alipeleka mbuzi tisa Ishiara. Wanaotujua wanafahamu kwamba kwetu mbuzi wa wakwe haondoki nyumbani hivi hivi, maana ni aibu mbuzi akohoe ama aharishe katika uwanja wa wenyewe, hivyo huoshwa, hukatwa kwato, na hupewa dawa ya minyoo, ile nyeupe ya kunyweshwa. Dawa iliyokuwepo ilitosha mbuzi watano. Baba, kwa kuwa hakutaka mbuzi yeyote wa muthoni wake, yaani mkwe wake, apungukiwe na heshima aliyopewa mwenzake, aliigawanya sawasawa kwa wote tisa, kama alivyozoea kufanya miaka mingi kila msimu wa mvua, na Salesio mwenyewe ndiye aliyewashika midomo.

Mbuzi walipokelewa kwa nderemo, wakachanganywa na wa Mzee Mbogo. Mvua za Oktoba ziliponyesha na majani kuota kando ya mto, mbuzi wa boma lile wakaanza kuvimba chini ya taya, ukifunua jicho ndani ni jeupe kama karatasi, halafu wanalala na hawaamki. Mzee Mbogo alijua ni minyoo, si mtu wa kubahatisha, akanunua dawa ile ile nyeupe akawanywesha kipimo kamili, wakaendelea kufa. Akanunua tena. Kufikia Krismasi kundi lilikuwa limepungua kuliko katika ukame mkubwa wa mwaka 1984, na wazee wa ukoo wake wakasema lililokuwa kwenye midomo ya watu wengi, kwamba mahari inayoua si mahari, na kwamba nyumba iliyoituma ina jambo.

Mwezi wa Januari 1996 Mzee Mbogo alikuja kumchukua binti yake, aliyekuwa mjamzito. Alisimama uwanjani kwetu Muthara, akakataa kiti, akamwambia Salesio kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa, "Nilikupa mtoto. Wewe uliniletea mbuzi ama uliniletea kaburi?" Baba alipotaka kujibu, alimwambia, "Wewe nyamaza, Riungu, naongea na mwenye vyeti."

Wawira aliondoka naye, kwa maana hakutaka baba yake na mume wake warushiane maneno mazito zaidi mbele yake. Tarehe 9 Mei 1996 alijifungua mtoto wa kiume huko Ishiara. Mila za pande zote mbili zilikuwa wazi: mahari ikikataliwa, hakuna ndoa mbele ya ukoo, na mtoto ni wa nyumba ya mama yake, basi yule mtoto akawa anangoja kuitwa Mbogo badala ya Riungu, na sisi tukawa hatujamwona uso.

Salesio hakupeleka wazee kwenda kubembeleza. Alipeleka chupa. Kupitia kwa Wawira, ambaye hakuacha kumwandikia, alipata minyoo kutoka mbuzi waliokufa, akachukua na ya mbuzi waliobaki Muthara, na mingine ya Tharaka ambako dawa bado ilikuwa inafanya kazi. Alijua kwamba ile dawa nyeupe haimsumbui mnyoo kwa sumu ya kawaida, bali inashika protini moja ya kiunzi chake iitwayo tubulini, ile inayojenga nyuzi za ndani ya seli, na ikishaishika nyuzi hazijengeki, mnyoo anashindwa kula, anakufa. Alitenganisha kipande cha tubulini ya minyoo ile, akapeleka sehemu ya kazi kwa mwalimu wake wa zamani Uskoti, kwa kuwa mashine za hapa hazikutosha, akangoja. Majibu yalikuja Septemba. Katika uzi mzima wa shanga zaidi ya mia nne, minyoo iliyoua mbuzi wa Ishiara ilitofautiana na ya Tharaka mahali pamoja palipokuwa na maana, ushanga wa mia mbili. Na minyoo ya Muthara ilikuwa hivyo hivyo.

Mke wake ametuambia kwamba barua aliyomwandikia wiki hiyo ilikuwa na sentensi mbili tu, moja ikisema kwamba amepata sababu, na nyingine ikisema kwamba sababu ni yeye.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu Ishiara ama Muthara ambaye angeyasoma majibu yale, na wazee walikuwa tayari wameanza kuzungumza juu ya kupokea mbuzi wengine na kulifunika jambo. Lakini Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1996 alikwenda Ishiara pamoja na baba na wazee watatu, akiwa amebeba nyuzi tatu fupi za kipande kile cha tubulini alizotungiwa na mama, akaomba ruhusa ya kuzungumza kabla ya kunywa uji wa wageni. Alimwambia Mzee Mbogo kwamba minyoo ilitoka kwetu, kwamba aliileta yeye mwenyewe ndani ya mbuzi aliowaosha kwa mikono yake, na kwamba heshima ile ile ya kuwapa dawa kidogo kidogo, kila mmoja sawa na mwenzake, iliua minyoo minyonge msimu baada ya msimu ikaibakiza ile isiyosikia dawa, hata siku ya safari ikawa hakuna mnyoo mwingine uliopanda lori isipokuwa huo.

Alimpa uzi wa kwanza, wa mnyoo unaokufa, na wa pili, wa mnyoo usiokufa. Mzee Mbogo alizipitisha vidoleni mpaka akafika penye rangi tofauti, akasimama hapo hapo.

"Ni huu tu?"

"Ni huo tu, baba."

"Ushanga mmoja ndio umemaliza mbuzi wangu. Na huu uzi wa tatu ni wa nani?"

Salesio alimwambia ni wa mbuzi. Mzee aliulinganisha, akaona kwamba pale pa mia mbili ushanga wa mbuzi ulikuwa wa rangi ile ile ya mnyoo usiokufa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za ile dawa kumpita mbuzi bila kumdhuru. Akauliza wa binadamu ukoje hapo, akaambiwa ni vivyo hivyo. Wale waliohudhuria wanasema hata wazee waliokuja kugombana walisogea karibu kuangalia.

"Kwa hivyo huyu mdudu alijifanya mbuzi ndani ya mbuzi," alisema Mzee Mbogo.

"Hakujifanya, baba. Alizaliwa hivyo, mmoja kati ya wengi, na sisi tukawaua ndugu zake wote tukamwachia shamba."

Mzee alicheka, na ndiyo mara ya kwanza watu wetu walipomsikia akicheka. Halafu akasema maneno ambayo baba yetu aliyarudia mpaka kufa kwake: "Mimi nilitaka mtu wa kuniambia uongo mzuri tupatane. Huyu ametoka Muthara kuniambia ni yeye. Mleteni mtoto." Mtoto akaletwa, akawekwa mikononi mwa babu yake mwingine, akaitwa Riungu.

Mbuzi waliosalia walipewa dawa ya aina nyingine, isiyogusa tubulini hata kidogo, wakapona. Tangu mwaka huo, kati ya nyumba zetu mbili na nyingine nyingi zilizoiga, mbuzi wa mahari hukaa peke yake mpaka kinyesi chake kipimwe, na anayepewa dawa hupewa kipimo chake chote ama hapewi. Salesio aliendelea na utafiti huo kwa miaka mingi, akagundua kwamba minyoo ya ushanga ule ilikuwa imesambaa Meru na Embu ikifuata njia za ndoa, kutoka boma la kijana hadi boma la msichana, na alipowasilisha kazi hiyo kwa wataalamu wenzake alianza kwa kuitaja mahari yake mwenyewe.

Wawira na Salesio walihamia hapa Kanja mwaka 1998, mahali ambapo si Muthara wala Ishiara. Baada ya Riungu walijaliwa Makandi, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1999, na Mbogo, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 2003. Marehemu alifundisha vyuoni Nairobi na baadaye Embu mjini, na kila mwaka mpya wa masomo aliwaambia wanafunzi wake wafunge macho, washike kifundo cha mkono wao wenyewe, na wafikiri kwamba nyuzi zinazokaza misuli ile zimepokezanwa bila kukatika tangu kabla ya kuwepo mikono. Padri wetu wa hapa alipomuuliza siku moja kama katika kazi hiyo anamwona Mungu, alijibu, "Padri, mimi naona tu kwamba hakuna aliyeachwa nje."

Mwezi wa Novemba 2021 marehemu alianza kushindwa kumeza ugali, kisha hata uji mzito, na tarehe 14 Februari 2022 madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya umio, ugonjwa ambao umetuchukulia wengi katika milima hii. Alitibiwa kwa dawa iliyotokana kwanza na magome ya mti wa nchi za baridi, na muuguzi alipomsomea jina lake alitabasamu akasema, "Huyo tunajuana." Alitueleza kwamba dawa hiyo nayo inashika tubulini, safari hii ya kwake, inazikaza nyuzi zisiweze kuachana, ili seli za ugonjwa zishindwe kugawanyika. Vidole vyake vilikufa ganzi, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo inategemea nyuzi hizo, akashindwa kufunga vifungo vya shati, naye Wawira akawa anamfungia. Katika maumivu hayo hakulalamika, bali alishangaa, akasema mara kwa mara ni ajabu gani mti ambao hajawahi kuuona uwe na kitu kinachomtosha kabisa ndani ya mwili wake.

Dawa ilimpa mwaka mmoja. Alipumzika Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, nyumbani hapa Kanja, Wawira akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, mimi dada yake, na baba mkwe wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa upole, walimu wenzake na wanafunzi waliopokezana kukaa naye kitandani, majirani wa Kanja waliotukatia kuni na kutuchotea maji wiki hii nzima, mapadri na jumuiya yetu ndogo, na wote waliosafiri. Tusiowataja tunaomba watusamehe.

Kwa mila za Muthara, udongo wa kwanza hutiwa na ukoo wa marehemu, na mkwe husimama mbali. Jana jioni Mzee Mbogo, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, alituma ujumbe kwa wazee wetu kwamba yeye hakuja hapa kama mkwe, amekuja kumzika mtoto wake, na anaomba atangulie. Wazee wa Muthara walikaa, wakazungumza, wakakubali wote bila mmoja kupinga. Kwa hiyo, Mzee, tutakapofika kaburini ni wewe wa kwanza, kisha sisi.

Salesio, kaka yangu, umemaliza kazi yako vizuri, lala sasa kwa amani.